Nitamwelezaje? Shangazi anajibu barua zenu

Mwezi huu barua zenu nyingi zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Mtu ana jambo zito nyumbani, mwenyewe amelielewa, lakini kila akijaribu kumweleza mzee wake, mtoto au mwenzake, maneno yanagonga mwamba. Nimezichagua tano nizijibu pamoja.

Kwa wasomaji wapya: nimeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa miaka 22. Wateja wangu walitoka Kongo, Rwanda, Dodoma, kila mahali, na kila mmoja alikuja na kipimo cha kwao. Mama mmoja wa Kongo alikuwa haelewi kwa nini bei ya gunia la masika ni tofauti na ya kiangazi. Nilimweleza mpaka koo likakauka. Mwisho nikamwomba kanga yake, nikailowesha nusu, nikampa azishike pande zote mbili. Akacheka, akatoa pesa. Dagaa wa masika hawakauki vizuri, wana maji ndani, na maji yana uzito. Kumbe jambo zima lilikuwa kiunoni mwake tangu asubuhi.

*

Shikamoo Shangazi. Baba yangu ana miaka 71. Amevua Ukerewe tangu ujana, sasa anakaa kwangu Nyakato. Ana presha. Akimeza dawa wiki tatu na kujisikia vizuri, anaacha. Anasema, "Nimepona, ya nini kuendelea kula sumu?" Nimemwambia mwili ni kama gari, dawa ni kama oili, oili haiachwi. Anaitikia "ndiyo mama," kesho hamezi. Juzi walimpima ikawa 178 kwa 104. Nimechoka. — Binti wa Nyakato

Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza kabisa: 178 kwa 104 haisubiri safu ya gazeti. Kama hujamrudisha kliniki, mrudishe kesho asubuhi. Namba ikifika 140 kwa 90 tayari ni presha ya juu, na ya baba imepita hapo mbali.

Sasa tuje kwenye maelezo. Mfano wako wa gari ni wako wewe. Baba yako amewahi kumwaga oili ya gari? Amelala njiani kwa sababu ya injini iliyokufa? Unamwomba avuke mito miwili: kwanza alielewe gari, halafu aelewe presha. Ndiyo maana anakuitikia. Anakuheshimu, lakini hajakusikia.

Mzee wa Ukerewe anajua mtumbwi wa mbao. Hakuna mtumbwi wa mbao usioingiza maji, hata mpya. Ndiyo maana kila unapotoka usiku kuna mmoja kazi yake ni kuchota maji na kuyamwaga nje, kopo baada ya kopo. Sakafu ikiwa kavu, hakuna anayesema mtumbwi umepona. Wote wanajua ni kavu kwa sababu yule kijana hajalala.

Usimhubirie, muulize tu. Jioni, mkishakula, sema: "Baba, mlipokuwa mnatoka Nansio usiku, nani alikuwa anachota maji?" Mwache asimulie, na atasimulia mpaka utasinzia. Kisha uliza: "Na akisema mtumbwi mkavu, mimi nalala?" Mwache ajibu mwenyewe. Akishajibu, mwoneshe kile kidonge, umwambie kwamba daktari amempa kopo. Nina hakika hutahitaji kuongeza neno.

Lakini mfano huu una mahali unapoishia, na hapo lazima umwambie kwa maneno ya wazi. Maji ya mtumbwini unayaona, yanakulowesha miguu. Presha hailoweshi kitu. Inaweza kuwa juu miezi na miezi huku mtu anacheka, anakula, analima, inaharibu figo, moyo na mishipa ya kichwa kimyakimya, mpaka siku anaanguka kwa kiharusi. Kwa hiyo asingoje kusikia kichwa kinauma. Anapaswa kupimwa, kwa sababu kipimo ndiyo macho yake. Tena, mtumbwi unaweza kuuvuta ufukweni ukaziba nyufa kwa pamba, ila mwili hauvutwi ufukweni. Linalowezekana ni kuupunguza ufa: chumvi kidogo (najua mzee wa ziwani anapenda kayabo, samaki wa chumvi, apunguze), atembee, aache sigara kama anavuta. Ikishuka vizuri, daktari anaweza kupunguza dawa. Yeye, siyo baba, wala wewe.

Nasisitiza huu mwisho wa mfano kwa sababu uliwahi kuniumiza. Mdogo wangu wa Sengerema alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, mimi ndiye nilikwenda kumweleza. Nikamwambia damu yake ni kama chai iliyozidishwa sukari. Nilijiona nimesema vizuri. Akaacha sukari kwenye chai siku hiyohiyo, akaendelea na mlima wa ugali, viazi vitamu asubuhi, juisi ya embe mchana. Chai yake haikuwa na sukari, basi yeye alikuwa mgonjwa mtiifu. Sikumwambia kwamba ugali ukishasagwa tumboni unageuka sukari hiyohiyo, kwa hiyo kiasi cha ugali ni jambo la kuzungumza na mtaalamu. Chini ya mwaka mmoja kidole cha mguu kikaoza, wakakikata. Mfano wangu ulikuwa umeingia vizuri mno na kufunga mlango nyuma yake. Tangu hapo, kila nikitoa mfano, namwambia mtu na pale unapokatikia.

*

Shangazi, mimi ni mama lishe Buhongwa. Nilichukua mkopo wa 300,000, narudisha 10,000 kila siku kwa siku 40. Aliyenikopesha alisema riba ni 2,500 tu kwa siku, "soda mbili na chenji". Biashara inauza, lakini siku ya 25 sina hela ya mchele. Mume wangu anasema nakula mtaji. Wallahi sijala. Kosa liko wapi? — Mama Lishe

Dada yangu, hujala mtaji. Unaurudisha kila jioni, ndiyo maana haupo. Mume wako namweleza hivi, na wewe umsomee.

Umewahi kukodi viti vya msibani. Tuseme umekodi viti 40 kwa siku 40. Kila jioni unarudisha kiti kimoja. Siku ya 20 umebaki na viti 20 hivi. Mwenye viti anakuja kudai kodi, anadai ya viti 40. Siku ya mwisho umekalia kiti kimoja peke yako uani, anadai ya viti 40. Mtaa mzima ungetoka nje kumshangaa.

Ndivyo ulivyokopa. Katika ile 10,000, 7,500 ni pesa yake inarudi, na 2,500 ni kodi ya kukaa nayo. Siku ya 20 umeshamrudishia 150,000, lakini kodi haijashuka hata shilingi. Siku ya 40 asubuhi umebaki na 7,500 yake tu mkononi, na bado unailipia 2,500. Kwa siku zote 40 kodi inakuwa 100,000. Ukisema umekopa laki tatu ukalipa laki moja, inaonekana theluthi. Lakini laki tatu ulikaa nazo siku moja tu. Ukizigawa siku zote, ulikuwa unakaa na kama laki na nusu, na umezilipia laki. Watu hawakukosea kuuita mkopo wa namna hii kausha damu.

Mfano wa viti unaishia hapa: viti ukivirudisha vyote mapema, umemaliza. Mikopo hii mara nyingi ukimaliza mapema bado unadaiwa riba yote, kwa hiyo usikimbilie kukopa kwa mwingine ili ummalize huyu. Huko ndiko mafriji na majiko ya watu yanakopotelea. Nenda ukazungumze naye akupe siku nyingi zaidi kwa marejesho madogo, na mwafaka wenu uandikwe. Uliza leseni yake. Wakopeshaji wa aina hii wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na asiye nayo hana ubavu wa kukutisha kama anavyojifanya. Kisha tafuteni wanawake wenzako mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulizie ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na haina riba. Ina mlolongo wa makaratasi, ndiyo. Vumilieni.

Na huyo aliyekwambia "soda mbili na chenji" alikupa mfano pia. Aliuchagua ili uione siku moja usizione arobaini. Mtu akikupa mfano mdogo kwa deni kubwa, omba karatasi na kalamu.

*

Shangazi, rafiki yangu amejifungua mtoto, mtoto akafa siku ya tatu. Watu wanamwambia Mungu amechuma ua zuri bustanini. Analia zaidi. Mimi nimpe mfano gani? — Wa Igoma

Usimpe mfano wowote. Nenda, mwoshee vyombo, mchotee maji, kaa naye. Mtoto akiwa amepewa jina, litaje.

*

Shangazi, tunakaa Mabatini, juu kabisa. Mama mkwe wangu, miaka 79, ameanza kusahau. Anamwita mwanangu wa miaka 8 kwa jina la shemeji yangu aliyefariki. Akimaliza kula anauliza chakula kiko wapi. Lakini akianza kusimulia alivyochunga ng'ombe Magu akiwa binti, hakosei hata rangi ya ndama. Mwanangu anasema, "Bibi ananidanganya, mbona vya zamani anakumbuka?" Ameanza kumjibu vibaya. Nimwelezeje mtoto? — Mama wa Mabatini

Mama, kabla ya mtoto, mpeleke bibi hospitali apimwe. Kuna kusahau kunakoletwa na maambukizi, upungufu wa damu au wa vitamini, ugonjwa wa tezi, sonona, hata mchanganyiko wa dawa, na huko kunaweza kutibika. Msiseme "ni uzee tu" kabla mtaalamu hajasema.

Wakithibitisha kwamba ni ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, basi mtoto wako ana bahati ya kukaa Mabatini, kwa sababu jibu analibeba kichwani kila siku kwenye ndoo.

Mwanza tumejenga juu ya mawe. Nyumba zimepanda mlima, mabomba yamezifuata. Maji yakiwa na nguvu, yanafika mpaka kwenu kileleni. Nguvu ikipungua, nani anakosa kwanza? Mtoto anajua. Kwenu bomba linakohoa hewa, na kwa jirani wa chini kabisa, karibu na barabara, bado yanatiririka. Anashuka na ndoo yake kila siku, hana haja ya kufundishwa.

Mkalishe mahali mnapoona nyumba za chini, umwambie: siku za Bibi zimejengwa kama mtaa wetu. Utoto wake uko chini, barabarani. Kuolewa kwake na kuzaa watoto ni katikati ya mlima. Leo asubuhi, na wewe mjukuu wake, mko huku juu, nyumba ya mwisho. Nguvu ya maji kichwani mwa Bibi imepungua. Ng'ombe wa Magu wako chini, wanapata maji. Chakula cha mchana kilikuwa juu, hakipati. Anapokuita kwa jina la baba mdogo, ni kwamba maji yameishia nyumba moja chini yako. Yalikuwa yanakuja kwako.

Mweleze taratibu. Akisikia hivyo, naamini hatasema tena Bibi anadanganya. Bomba kavu halidanganyi, na hakuna anayelipiga bomba makofi kwa sababu maji hayajafika.

Kuna kitu kingine mfano huu unakibeba, na nimekiona kwa mama yangu mzazi. Kuna siku, hasa asubuhi, maji yanapanda ghafla. Bibi atamwita mjukuu kwa jina lake kamili na kumuuliza habari za shule. Mtoto asishtuke, wala asidhani jana alikuwa anaigizwa. Achote hayo maji, azungumze naye wakati huo.

Mtoto wa miaka 8 ana akili, atakuuliza, "Basi mama, tumbebee kwa ndoo?" Mwambie ndiyo. Kila asubuhi akiingia chumbani aseme, "Shikamoo Bibi, ni mimi mjukuu wako," na ataje jina lake, bila kumtega kwa "unanijua mimi nani?" Swali la kumtega mzee ni kumtuma kileleni na ndoo tupu. Bibi akiuliza chakula kwa mara ya pili, ampe tunda au uji kidogo, badala ya kumbishia kwamba ameshakula. Na jioni wakae chini barabarani, yaani Magu, kwenye ng'ombe. Huko maji yapo, na mtoto atapata habari ambazo hakuna mwingine atakayempa.

Mfano unakatikia hapa, na usimfiche. Maji ya mtaani yakikatika, siku moja yanarudi kwa wote. Ya Bibi yataendelea kushuka. Inaweza kufika siku hata Magu pakauke. Ukimwachia mtoto tumaini la bomba kutengenezwa, atakuja kukuona wewe ndiye mwongo.

*

Shangazi, niko kambini kisiwa cha Kome, navua dagaa kwa mjomba wangu ambaye ndiye tajiri wa boti. Giza lote tuko ziwani, mwezi ukiwaka tunapumzika na hesabu zinafanyika. Anatoa mafuta, taa, chakula, kisha kinachobaki tunagawana. Safari hii alikata matengenezo ya mashine mara mbili, nikabaki na pesa ya nauli tu. Nilipomuuliza akasema, "Mjomba, sangara mkubwa anakula mdogo, ndivyo ziwa lilivyoumbwa." Wenzangu wakacheka, nikanyamaza. Ningejibu nini? — Kijana wa Kome

Mwanangu, hilo swali limenikaa kifuani, kwa sababu mjomba wako ametumia mfano kukufunga mdomo. Mfano mzuri unaweza kuuliza juu yake. Wake ulitolewa ili usiulize kuhusu mashine.

Tena amekosea hata kuhusu ziwa. Ziwa letu halikuumbwa na sangara. Sangara waliletwa na watu, wakamwagwa humu katika miaka ya 1950 na 1960. Mimi nimekua nikila furu, mama yangu akiwapika na nyanya na karanga, na furu walikuwa wa aina mamia. Katika miaka ya 1980 sangara akatapakaa, na aina nyingi za furu zikapotea moja kwa moja. Alipowamaliza alifanya nini? Waulize wachinja samaki wanaompasua: tumboni wanakuta dagaa, uduvi, na watoto wake mwenyewe. Sangara anakula sangara. Kama mjomba anataka kuwa huyo, ajue huyo alipelekwa ziwani kwa mkono wa binadamu, na akiishiwa anawageukia wa damu yake.

Lakini usimjibu hivyo mbele ya watu. Ni mjomba wako, na tajiri aliyeaibishwa kambini hatafuti haki, anatafuta kijana mwingine. Mwezi utakapowaka tena, mfuate kabla ya hesabu, mkiwa wawili. Mwamkie. Usitaje samaki yeyote. Tumia kitu ambacho yeye mwenyewe amekishika: mizani. Mwambie, "Mjomba, ukipeleka dagaa Mwaloni, unakubali wapimwe kwa mizani iliyogeuziwa ukuta?" Hakubali, namjua tajiri yeyote wa dagaa, atazunguka mpaka auone mshale. Kisha mwambie nawe unaomba kuuona mshale: daftari la matumizi ya giza hili, mafuta lita ngapi, mashine ilitengenezwa na fundi yupi, kwa kiasi gani, liandikwe siku yenyewe na lisomwe mbele ya wavuvi wote wa boti. Hudai nyongeza. Unadai kuona.

Anaweza kukataa. Ikiwa hivyo, uanze wewe kuandika, kila usiku, ndoo ngapi na mafuta kiasi gani, hata kwenye simu. Na uwaulize wavuvi wa boti za jirani wanagawana vipi, kwa upole, kama mtu anayeulizia upepo. Mkiwa na maandishi, mnaweza kwenda kwa viongozi wa mwalo mkasikilizwa.

Mkimaliza giza hili, niandikie alivyojibu.